Kabla ya kuitisha semina: tathmini ya mahitaji ni nini hasa?

Mwaka mpya wa fedha ukikaribia, fomu huanza kuzunguka maofisini. Katika idara za kaunti mjini Nakuru, katika mashirika ya Kisumu, katika sacco za Kakamega na Bungoma, mfanyakazi anapewa karatasi na kuambiwa ataje mahitaji yake. Jioni hiyohiyo kundi la WhatsApp la wafanyakazi linachemka. Mmoja anasema hiyo ni njia ya kupunguza watu. Mwingine ana habari kwamba kuna mfadhili njiani, kwa hivyo kila mtu aandike vitu vingi. Wa tatu anajaza "mafunzo ya kompyuta" kwa sababu mwaka jana alijaza hivyohivyo na hakuna aliyemfuata kumuuliza ni mafunzo gani. Fomu zinarudishwa, zinafungiwa kwenye faili, na miezi michache baadaye watu wanapakiwa kwenye basi kwenda semina katika hoteli moja ya Naivasha, kufundishwa jambo ambalo wengi wao wanalijua tayari.

Mkanganyiko huu una sababu. Watu wameona ukaguzi wa wafanyakazi, ule wa kusaka wafanyakazi hewa, ambapo unapanga foleni ukiwa na kitambulisho, barua ya ajira na vyeti vya shule. Wameona fomu za kila mwaka za kupima utendakazi, ambazo huamua nani apandishwe cheo na nani aandikiwe barua. Wameona pia wakaguzi wa miradi wanaokuja kazi ikishaisha, kuuliza pesa zilikwenda wapi na zilileta nini. Tathmini ya mahitaji ni jambo la nne, tofauti na hayo matatu. Huja mwanzoni, kabla pesa hazijatengwa, na linaloulizwa ni kuhusu kazi yenyewe: inakwama wapi, na inakwamishwa na nini. Ikichanganywa na zile nyingine huharibika palepale, kwa sababu mtu anayeogopa kufutwa hawezi kukuambia ukweli kuhusu kinachomshinda.

Basi tuanze na maana yake. Shirika lolote, liwe chama cha ushirika, shule, kituo cha afya au kampuni, lina hali lililo nayo leo na lina hali ambayo limesema linataka kuifikia. Kati ya hali hizo mbili kuna pengo. Pengo hilo ndilo hitaji, na kulitafuta, kulipima na kueleza chanzo chake ndiyo tathmini ya mahitaji. Pengo lenyewe linapaswa kuwa la matokeo, yaani kitu kinachoonekana kwa mteja, kwa mgonjwa, kwa mwanafunzi au kwa mkulima.

Hapo ndipo wengi tunapoteleza. Ukiuliza katika mkutano wowote, jibu la kwanza litakuwa: "Tunahitaji gari." Gari si hitaji, gari ni suluhisho ambalo tayari limechaguliwa. Hitaji lingesemwa hivi: dawa zinafika katika zahanati wiki mbili baada ya kuagizwa, ilhali zinatakiwa zifike ndani ya siku tatu. Likisemwa hivyo, mlango unafunguka. Huenda gari ndilo jibu. Huenda pia karatasi ya kuagiza dawa hulala siku kumi mezani mwa mtu mmoja ikingoja sahihi, na gari jipya lingekuja kuegeshwa uani huku karatasi ikiendelea kungoja.

Wakazi wa kando ya Ziwa Victoria wanaifahamu tabia hii kwa miili yao. Homa inaanza usiku, kichwa kinagonga, viungo vinalegea, na asubuhi mtu anakwenda kwenye duka la dawa kuitisha dawa ya malaria. Mara nyingine ni malaria kweli. Mara nyingine ni ugonjwa mwingine kabisa, na siku tatu za vidonge zinapita huku ugonjwa wenyewe ukijijenga. Ndiyo maana tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limekuwa likishauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, kwa darubini au kwa kile kipimo cha tone la damu ya kidole. Shirika linaloandaa semina bila kutafuta pengo limefanya kama yule mgonjwa aliyekwenda kwenye duka la dawa: limeiona dalili na kukimbilia kununua.

Sasa tuingie ndani zaidi, kwa mfano mmoja ambao nimeupanga kutokana na mambo ya kawaida ya vyama vya maziwa katika Kaunti ya Nakuru. Tuseme kuna chama cha ushirika kati ya Njoro na Molo. Wanachama wanakamua alfajiri na kupeleka maziwa kwenye vituo vya kukusanyia kando ya barabara. Waendesha bodaboda wanayabeba kwa mitungi ya alumini hadi kituo cha chama chenye tangi la kupozea. Kilio cha kamati ni kimoja: maziwa mengi yanakataliwa mapokezini. Mwenyekiti ana jibu tayari. Wakulima hawajui usafi, waletewe mafunzo. Bajeti ya siku ya mafunzo kwa wanachama mia mbili imeshaandikwa, pamoja na hema, chai, nauli na mkufunzi kutoka mjini.

Tathmini ya kweli ingeanza kwa kuuliza "mengi" ni ngapi. Tuseme chama kinapokea lita 1,000 kwa siku, 80 zinarudishwa, na chama kiliahidi wanachama wake kwamba zinazorudishwa hazitazidi 20. Pengo ni lita 60 kwa siku. Kwa bei ya mfano ya shilingi 45 kwa lita, hizo ni shilingi 2,700 kila siku, au 81,000 kwa mwezi wa siku thelathini. Kabla ya hesabu hiyo, kamati ilikuwa ikibishana kuhusu hisia. Baada yake wanajua ukubwa wa jambo, na wanajua ni kiasi gani kinaweza kutumika kulitatua bila hasara.

Kisha mtu anafungua daftari la mapokezi. Karani mlangoni hufanya vipimo viwili. Kwanza anatumbukiza laktomita, ile fimbo ya kioo inayoelea, kujua kama maziwa yametiwa maji. Pili anachanganya maziwa kidogo na alkoholi, kiasi sawa kwa sawa, anatikisa na kutazama. Yakitoa chembechembe za kuganda, maziwa hayo hayatahimili joto la kiwandani na lazima yarudi. Vipimo hivi viwili vinasema mambo tofauti kabisa. Maziwa yakianguka kwa laktomita, mara nyingi kuna mtu aliyeongeza maji, na huo ni mjadala wa uaminifu. Yakianguka kwa alkoholi, yameanza kuchacha kwa kuchelewa au kwa uchafu, au ng'ombe ana ugonjwa wa kiwele, au amezaa juzi tu. Anayesema "maziwa yanakataliwa" bila kusema yalikataliwa kwa kipimo gani bado hajasema kitu cha kufanyia kazi.

Tuseme daftari linaonyesha kwamba karibu yote yanaangushwa na alkoholi. Ukilipanga kwa njia na kwa saa, yanatoka njia moja ya juu na hufika baada ya saa nne asubuhi. Njia nyingine, zenye wakulima wa aina ileile, mifugo ileile na elimu ileile, hazina shida hiyo. Tayari dhana ya kwamba wakulima hawajui usafi inaanza kuyumba, na hadi hapa hakuna aliyetumia hata shilingi moja.

Hatua inayofuata haifanyiki ofisini. Mtu anaamka alfajiri na kuifuata hiyo njia ya juu. Anaona mama amemaliza kukamua saa kumi na moja na nusu, amesuuza mtungi wake kwa maji moto, na jana aliuinamisha juu ya kichanja ukakauka juani. Usafi anaujua. Anamwona mwendesha bodaboda akifika kituo cha kwanza saa kumi na mbili na nusu, akamimina maziwa, halafu akaketi. Anangoja. Analipwa kwa lita, mafuta ananunua mwenyewe, na safari moja yenye mitungi iliyojaa inamlipa kuliko safari mbili zenye mitungi nusu. Maziwa ya yule mama yanakaa pale huku jua likipanda. Maziwa mabichi ambayo hayajapozwa yanafaa kufika kwenye tangi ndani ya muda wa saa mbili au tatu tangu kukamuliwa, yashushwe hadi nyuzi 4 za selisiasi. Haya yanafika yakiwa yamepitisha muda wa saa tano. Hakuna semina ya usafi inayoweza kurudisha saa hizo.

Katika mfano huu, dawa ni kubadilisha malipo ya mwendesha bodaboda: alipwe kwa safari, na nyongeza itokane na lita zilizokubaliwa. Lakini ukweli kamili una kipande kingine. Ukikaa mapokezini asubuhi nzima unagundua kwamba makarani wawili wapya wanamimina alkoholi kwa kukadiria kwa macho, na siku nyingine wanaizidisha hadi maziwa mazuri yanakataliwa. Hao wanahitaji mafunzo, na mafunzo yao ni nusu siku hapohapo mezani wakielekezwa na karani mkongwe. Kwa hiyo hitaji la mafunzo lilikuwepo, la watu wawili, na si wale mia mbili waliokuwa wakisubiri hema.

Nimekaa na mfano huu kwa sababu kosa la kudhani kila pengo ni upungufu wa mafunzo ndilo linalokula pesa nyingi zaidi, na ndilo linalowavunjia watu heshima. Kumwambia mama anayekamua kila alfajiri kwamba hajui kusafisha mtungi, wakati shida iko katika mkataba ambao chama chenyewe kiliandika, ni kumbebesha lawama isiyo yake.

Mtindo wa kuchunguza hivi una historia. Mwaka 1961 Wamarekani wawili, William McGehee na Paul Thayer, walipendekeza kwamba anayetafuta mahitaji ya mafunzo atazame katika ngazi tatu: shirika lenyewe na malengo yake, kazi inayofanywa na hatua zake, kisha mtu anayeifanya. Mpango huo bado unatumika kwa sababu unazuia kurukia ngazi ya tatu. Ukirudi kwenye mfano wetu utaona tumezipitia zote: lengo la lita 20, safari ya maziwa kutoka zizini hadi kwenye tangi, na mwisho mkono wa karani unaomimina alkoholi. Baadaye Thomas Gilbert, Mmarekani mwingine, aliandika mwaka 1978 kwamba kabla ya kumlaumu mtu uchunguze kwanza kinachomzunguka. Je, ameambiwa wazi anachotakiwa kufanya? Ana vifaa? Malipo yanamsukuma upande ule ambao shirika linataka, au upande mwingine?

Kuna swali rahisi ambalo meneja yeyote anaweza kujiuliza kabla ya kutenga pesa za mafunzo. Je, mfanyakazi huyu amewahi kuifanya kazi hii vizuri, hata siku moja? Kama amewahi, ujuzi anao, na kuna kitu kingine kinachomzuia siku nyingine. Tafuta hicho.

Swali hilo lina uzito hapa kwetu kwa sababu pesa zenyewe huvuta kuelekea mafunzo. Mwajiri nchini Kenya hulipa tozo ya shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani. Kampuni ya watu 40 inalipa shilingi 24,000 kwa mwaka. Mwajiri anaweza kudai kurudishiwa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa, na hilo ni jambo jema. Ila tayari kuna mfuko wenye jina la mafunzo, wakati hakuna mfuko wenye jina la "kurekebisha utaratibu wa sahihi" wala "kubadilisha malipo ya bodaboda". Wafadhili nao huwa na bajeti ya kujenga uwezo. Suluhisho linalokuja na pesa zake hupendwa haraka, na kila aliye mezani ana sababu ya kulikubali: meneja amefanya jambo linaloonekana, mkufunzi amepata kazi, washiriki wamepata marupurupu na cheti.

Tuje sasa kwenye jambo gumu kidogo: nani anasema hitaji ni lipi? Wengi wanaamini kwamba wingi wa kura unatosha. Ukiwauliza watu mia moja, na sitini kati yao wakasema friza, basi hitaji ni friza. Mwaka 1972 Jonathan Bradshaw wa Uingereza alieleza kwamba mahitaji huja kwa sura nne, na sura hizo si lazima zikubaliane. Tuzione kwenye ufuo mmoja wa wavuvi katika Kaunti ya Kisumu.

Sura ya kwanza ni lile watu wanalohisi. Ukiitisha mkutano wa kikundi cha usimamizi wa ufuo, wenye boti watasimama kwanza, na watasema injini na friza. Sura ya pili ni lile wanalolionyesha kwa vitendo, hata bila kuulizwa. Hapa ungetazama wanawake wanaonunua omena na kuianika. Wanatoa pesa zao wenyewe kukodi nyavu za kutandaza chini, na mvua ikitishia wanalipa vijana kuwasaidia kukusanya mbiombio. Mtu akitoa pesa yake mfukoni tena na tena kwa jambo moja, huhitaji kumpa hojaji kujua linamsumbua. Sura ya tatu ni kiwango cha wataalamu: afisa wa uvuvi atasema samaki wa kuanikwa wawe juu ya vichanja vilivyoinuliwa, mbali na mchanga, kuku na mbuzi. Ya nne ni ya kulinganisha: ufuo wa jirani, wenye idadi ileile ya boti, tayari una banda na vichanja.

Sura zote nne zikielekeza mahali pamoja, una hitaji imara. Zikitofautiana, hapo ndipo kazi inaanza. Katika mfano huu, walichosema wenye sauti mkutanini kilikuwa injini na friza, ilhali vitendo, kiwango na mlinganisho vyote vinaelekeza kwenye vichanja vya kuanikia. Wala sisemi wenye boti ni waongo. Walieleza hitaji lao. Tatizo ni kwamba walioathirika zaidi na omena inayooza siku za mvua walikuwa wamekaa nyuma, watoto mgongoni, na hakuna aliyewauliza.

Kwa hiyo namna ya kuuliza ina uzito sawa na swali lenyewe. Wenye boti wakae peke yao na wanawake peke yao. Wafanyakazi wa chini wasihojiwe mbele ya wakubwa wao, na anayeuliza asiwe mkubwa wao wa kazi. Lugha nayo: ufuoni Kisumu tumia Dholuo, kwenye vyama vya Vihiga na Kakamega mzee ataeleza kwa Kiluhya mambo ambayo angeyafupisha kwa neno moja katika lugha nyingine. Ukiuliza kwa Kiingereza cha ofisini utapata majibu ya ofisini.

Na swali "unahitaji nini?" liachwe hadi mwisho, au liachwe kabisa, kwani linaita orodha. Afadhali uliza: mara ya mwisho kazi yako ilipokwama, ilikuwa siku gani? Ulikuwa ukifanya nini? Ulimngoja nani? Ulifanyaje ili imalizike? Mtu akisimulia siku moja kamili, anataja vitu ambavyo asingeviandika kwenye fomu: kwamba printa ni moja na iko ofisini kwa bosi, kwamba nenosiri la mfumo lilibadilishwa na yeye hakuambiwa, kwamba hununua vitabu vya risiti kwa pesa yake. Hojaji ina kazi yake, hasa shirika likiwa na watu wengi, lakini ije baada ya mazungumzo, kupima kama yaliyosemwa na wachache yanawagusa wengi.

Siri nayo ilindwe kwa dhati. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu iliyoelezwa wazi na zisitumiwe kwa jambo jingine. Kuacha jina pekee hakutoshi. Fomu isiyo na jina inayouliza idara, jinsia, umri na cheo imemtaja mtu tayari: kwenye sacco ndogo, mhasibu mwanamke wa miaka hamsini na kitu ni mmoja tu, na kila mtu anamjua. Ondoa maswali usiyoyahitaji. Na kama uongozi una mpango wa kupunguza watu, usiitumie tathmini hii kama pazia. Wafanyakazi watagundua, na kwa miaka mingi baada ya hapo kila fomu itarudi na uongo.

Huwa nasikia viongozi wa vyama vidogo wakisema kazi hii ni ya mshauri kutoka Nairobi. Kwa shirika kubwa lenye matawi mengi, au pale ambapo uongozi na wafanyakazi hawaaminiani, mtu wa nje anafaa. Lakini chama chenye wafanyakazi kumi na wawili kina daftari lake, kina watu wanaoamka alfajiri, na kina mtu mmoja angalau anayeaminiwa na wote kusikiliza. Kinachokosekana mara nyingi ni ruhusa ya kamati kwamba jibu lisijulikane kabla ya swali kuulizwa. Ninaona mara kwa mara hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi anayopewa mtathmini, zilizoandikwa hivi: "kufanya tathmini ya mahitaji kwa ajili ya ununuzi wa mfumo mpya wa kompyuta." Hapo mfumo umeshanunuliwa. Mtathmini ameitwa kuubariki.

Mapengo yakishapatikana huwa mengi kuliko pesa. Kuyapanga, uliza mambo mawili kwa kila moja: kuliziba kutagharimu kiasi gani, na kuliacha kunagharimu kiasi gani? Zile shilingi 81,000 za maziwa kila mwezi zinajieleza. Mengine hayapimiki kwa pesa, kama vile mjamzito anayengoja kadi yake ya kliniki itafutwe rafuni huku jua likizama na nyumbani ni mbali. Hayo yaandikwe jinsi yalivyo, pamoja na idadi ya watu wanaoguswa, ili yasimezwe na yenye tarakimu kubwa. Halafu kuna mapengo yanayozibwa bure, kwa mtu kupewa mamlaka ya kutia sahihi mkubwa wake akiwa safarini. Anza na hayo wiki hiyohiyo. Watu wakiona jambo moja limebadilika watakuamini kwa yanayobaki.

Matokeo yarudishwe kwa waliohojiwa kabla ripoti haijafungwa. Wasomewe, wasahihishe, waambiwe pia ni yapi hayatafanyika mwaka huu na kwa nini. Mashirika mengi hutuma ripoti kwa mfadhili na kuwasahau waliotoa habari, na ndiyo sababu mwaka unaofuata yule wa tatu kwenye WhatsApp anajaza "mafunzo ya kompyuta" bila hata kufikiria.

Jambo la mwisho linawahusu wale wanaopeleka mahitaji yao kwa serikali ya kaunti, kwa sababu hapa wakati ni nusu ya kazi. Katiba ya 2010 inautaja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa katika kifungu cha 10, na watu wengi wanaujua kupitia mikutano ya bajeti. Lakini mtu akisimama mkutanini mwezi wa Mei kuomba kituo cha kupozea maziwa, amechelewa sana. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, kwa mwaka wa fedha unaoanza 1 Julai. Mei, makadirio yako tayari mikononi mwa wawakilishi wadi. Chama kinachotaka kuingia kwenye bajeti kinapaswa kuwa na takwimu zake Julai au Agosti ya mwaka uliotangulia: lita zilizokataliwa, kwa njia ipi, kwa muda gani, na hasara kiasi gani. Mipango mikubwa zaidi ni ya miaka mitano; unaotumika kwa kipindi cha 2023 hadi 2027 utafuatwa na wa 2028 hadi 2032, na utakapoandikwa maafisa watapita wadi kwa wadi wakiuliza wananchi wanataka nini. Daftari la mapokezi lenye miezi kumi na miwili iliyojazwa vizuri, saa ya kufika na kipimo kilichoangusha kila mtungi, ndilo jibu la kuwapa.